"Give up" si kukata tamaa peke yake



Nianze na kisa, maana bila ya kisa hiki nisingekuwa na sababu ya kuwachosha. Miaka michache iliyopita, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza ninamoishi, bibi mmoja mtu wa Unguja aliacha kazi ya kusafisha maofisi usiku kwa sababu magoti yalikuwa yamemshinda. Akaomba ile fedha ambayo serikali huwapa wagonjwa wasioweza kufanya kazi. Ofisi inayohusika ikampigia simu, na kwa kuwa Kiingereza chake ni cha kusalimiana dukani tu, wakamwekea mkalimani kwenye simu hiyo hiyo. Ofisa akauliza swali dogo kabisa: "When did you give up work?" Mkalimani, kijana wa watu, akafasiri: "Mama, ulikata tamaa ya kazi lini?"

Sasa hebu mwulizeni mtu mzima yeyote wa pwani swali hilo, tena mtu wa swala tano, muone atakujibuni nini. Bibi akajibu kama alivyofunzwa tangu utotoni: "Mie sijakata tamaa mwanangu, Mungu yupo." Kijana akairudisha kwa Kiingereza safi: "She says she has not given up." Ofisa akaandika kwamba mama huyu bado anafanya kazi. Baada ya wiki mbili ikaja barua: malipo yamesimamishwa, na juu ya hayo anatakiwa aeleze kwa nini alidai kwamba hafanyi kazi.

Barua ile ililetwa kwangu, kwa sababu katika mitaa yetu mtu akishaitwa daktari huletewa barua zote, za hospitali, za korti na za gesi. Nikamsindikiza bibi kwenye rufaa. Nilipopewa nafasi nilieleza kwa dakika tano hivi, waliokaa mezani wakaelewa, na malipo yakarudi. Lakini yalirudi baada ya miezi minne ya kukopa kwa majirani, na baada ya mama wa watu kuonekana mwongo katika maandishi ya serikali, jambo ambalo yeye lilimuuma kuliko njaa.

Nataka mtazame kitu kimoja hapo. Hakuna aliyesema uongo, na ukiichukua kila sentensi peke yake huoni kosa. "Give up" kufasiriwa "kata tamaa", mwalimu gani angekataa? "Sijakata tamaa" kurudishwa "I have not given up", nani angeweka mkasi? Kwenye karatasi ya mtihani kijana yule angepata alama zote. Ndiyo maana simlaumu yeye. Ninachokilaumu ni mazoea yetu sote, mimi nikiwa wa kwanza.

Wengi wetu tulijifunza Kiingereza kwa daftari lililopigwa mstari katikati. Kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, neno moja kwa neno moja. Go, enda. Eat, kula. Give up, kata tamaa. Mstari ule umebaki vichwani mwetu hata baada ya digrii tatu. Mimi nilipofika huku kusoma udaktari nilikuwa naijua "relinquish", naijua "renounce", naijua hata "abdicate", maana hayo ni maneno ya vitabuni. Wiki ya kwanza bibi mwenye nyumba alikuwa akipigana na dirisha lililokwama, likamshinda, akaliachia na kusema huku anacheka, "Oh, I give up!" Nikasogea kwa huruma zangu zote nikamwambia kwa Kiingereza asikate tamaa, siku njema zaja. Alicheka mpaka akakaa chini. Nilidhani mwanamke wa watu amefikia mwisho wa matumaini ya maisha, kumbe ni dirisha tu.

Basi "give up" ni nini hasa? Ni mojawapo ya vile vitenzi ambavyo Waingereza wanaviita phrasal verbs, yaani kitenzi kinachofuatwa na kijineno kama "up", "off", "out" au "in", na viwili hivyo vikishaungana vinazaa maana isiyopatikana kwa kujumlisha. Jina lenyewe si la zamani sana. Lilienea kutokana na kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, na yeye mwenyewe alisema kalipata kwa Henry Bradley, mhariri wa kamusi kubwa ya Oxford. Lakini tatizo lilikuwa linajulikana zamani. Samuel Johnson, katika utangulizi wa kamusi yake ya 1755, alieleza kwamba miungano ya namna hii ndiyo inayowapa wageni taabu kubwa kuliko yote, akataja mifano, mmojawapo "give over" kwa maana ya kukoma. Kwa hiyo tukijikwaa tusione haya. Tulishatajwa mapema.

Sasa tuingie ndani. "Give" ni kutoa, kupa. Ukiifuata "give up" nyuma hadi kwenye maandishi ya karne ya 12 utaikuta imesimama mahali pa kushangaza. Katika Tarehe ya Peterborough, ambayo sehemu yake ya mwisho iliandikwa karibu na mwaka 1154, inasimuliwa jinsi Mfalme Stephen alivyofanya mkutano Oxford, akawakamata maaskofu wa Salisbury na Lincoln, akawatia gerezani mpaka walipotoa ngome zao. Na kitenzi kilichotumika hapo kwa kuzitoa ngome ni hiki hiki, "give" na "up" yake nyuma. Tamaa haimo, wala moyo kuvunjika. Ilikuwa ngome mkononi mwa mtu, akaikabidhi kwa aliyemzidi nguvu.

Hii ndiyo maana ya mama, nyingine zote ni watoto wake: kuna kitu unakishikilia, kisha unakiachia kitoke mkononi mwako. Kwanza ngome, halafu mji, cheo, haki, tabia, jitihada, na mwisho kabisa matumaini. Tamaa ni mtoto mmoja tu katika nyumba yenye watoto wengi, nasi tumemfanya yeye ndiye baba.

Na kinachonisikitisha ni kwamba sisi Waswahili tulikuwa na njia fupi ya kuielewa. Mnakumbuka vitendawili vya usiku? "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa ulifanya nini? Ulitoa mji. "Nipe mji!" anasema mtegaji, nawe unampa Makunduchi, au Pangani, au Mombasa, naye anajidai kidogo huko alikokwenda, ndipo akufungulie. Mwingereza katika mchezo huo huo anaulizwa "Do you give up?" naye anajibu "I give up, tell me." Jamani, si ni kitu kimoja? Sisi tunautoa mji waziwazi. Yeye alikuwa akizitoa ngome na miji, kisha jina la kitu likadondoka njiani likabaki "toa" peke yake. Bibi mwenye nyumba wangu na dirisha lake alikuwa akitoa mji. Hakuna mtu duniani aliyetoa mji kwenye kitendawili akaambiwa amekata tamaa.

Tupange basi matumizi yenyewe, nami nitatoa Kiswahili ambacho mtu wa kawaida angesema, si cha kutunga.

(a) Kuacha tabia au shughuli. "He gave up smoking": ameacha sigara, au ameachana na sigara. "She gave up work": aliacha kazi. Angalieni kwamba baada ya "give up" huja "smoking", haiji "to smoke". Wenzetu walioko Marekani watasikia zaidi "quit" mahali hapa, Uingereza ni "give up". Anayeacha moja kwa moja asirudi tena, sisi tunasema ametupa jongoo na mti wake.

(b) Kujinyima kitu unachokipenda. Wakristo hapa huulizana wakati wa Kwaresima, "What are you giving up?" Jibu huwa chokoleti, au pombe. Kiswahili chake ni "unajinyima nini?" Ukimwuliza mtu "unakatia tamaa nini Kwaresima hii?" utamtisha.

(c) Kumwachia mwingine. "She gave up her seat for the old man": alimpisha mzee kiti, au alimwachia mzee kiti. "They gave up their Saturday to help us": walijitolea Jumamosi yao kutusaidia.

(d) Kusalimu amri na kujisalimisha. "The town was given up to the enemy": mji ulikabidhiwa adui. "He gave himself up": alijisalimisha polisi. Ukifasiri kwamba mshitakiwa "alijikatia tamaa" umemfanya mtu anayetaka kujiua badala ya mtu aliyekwenda kituoni kwa miguu yake. Kortini tofauti hiyo si ndogo.

(e) Kuacha kujaribu. "I've tried ten times, I give up": nimejaribu mara kumi, basi, nimeshindwa. Au nimebwaga manyanga, kama mganga aliyechoka kutikisa. Hapa mtu anaweza kuwa na huzuni au anaweza kuwa anacheka, kitenzi chenyewe hakisemi.

(f) Kukata tamaa kwenyewe. "Don't give up": usikate tamaa. Hapa, na hapa tu, daftari letu lilisema kweli.

(g) Kumkatia tamaa mtu au jambo. "The doctors have given up on him": madaktari wamemkatia tamaa. Tazameni uzuri wake: Mwingereza kaongeza "on", sisi tumeongeza kile kiambishi cha kutendea, kata ikawa katia. Kazi ile ile, mahali tofauti.

(h) Kufa. "To give up the ghost" ni kukata roho, kwani "ghost" zamani ilikuwa ni roho, si zimwi la sinema. Siku hizi husemwa kwa mzaha juu ya gari au mashine ya kufulia, na hapo sisi tunasema tu imekufa.

(i) Na kuna hii ya Wamarekani, "Give it up for our guest of honour!" Ndugu yangu mmoja, msomi mzito, alisimamishwa kwenye sherehe ya mahafali huko, msherehe akapaza sauti hivyo, na yeye akageuka kuangalia ni kitu gani ametakiwa akiachie. Maana yake ni mpigieni makofi. Hiyo msiitafute kwenye ngome za Mfalme Stephen, ichukueni ilivyo.

Halafu kuna jirani yake, "give in", ambayo watu huichanganya. "Give in" ni kulegea baada ya kubishana au kushawishiwa. Mtoto analia anataka peremende, mama anakataa, anakataa, mwisho anakubali yaishe. Mama hapo "gave in". Angekuwa "gave up" kama alikuwa anajaribu kumlaza mtoto, hakulala, akaacha.

Mtu ataniuliza, na hiyo "up" inafanya nini pale wakati hakuna kinachopanda juu? Inafanya kazi ya kumaliza. "Eat up", kula umalize. "Use up", tumia kiishe. "Give up", achia kitoke kabisa. Na msiniambie kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Kutupa ni kutupa, lakini kutupilia mbali je? Hilo "mbali" halipimi maili, linasema jambo limekwisha. Potelea mbali, ni vivyo hivyo. Tena sisi tuna mnyambuliko: acha, achia, achilia, achana, achisha. Kuacha sigara, kumwachia mzee kiti, kumwachilia mfungwa, kuachana na ulevi, kumwachisha mtoto ziwa. Mwingereza anabadilisha vijineno nyuma ya kitenzi, sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi chenyewe. Mwanafunzi anayeonyeshwa hivyo hahitaji mstari wa katikati ya daftari.

Nimeshasikia pingamizi moja, na lina uzito kwa hiyo nilijibu. Katika chumba cha kusubiri daktari niliwahi kuona kijikaratasi cha Kiswahili cha kuwaambia watu waache sigara, kimeandikwa "Kata tamaa ya sigara leo." Nikacheka. Rafiki yangu mmoja, mjuzi wa Kiarabu kunishinda, akasema nisicheke. Tamaa, anasema, asili yake ni Kiarabu, nako inaelekea kwenye uchu na uroho zaidi kuliko matumaini. Hata sisi tunasema tamaa mbele mauti nyuma, na hapo hatusemi matumaini. Kwa hiyo kukata tamaa ya sigara ni kuukata ule uchu wake, na mfasiri kapatia kuliko alivyojua!

Ni hoja tamu, lakini haiponyi. Maneno mawili yakishakaa pamoja muda mrefu huganda, na huwezi tena kuyatenganisha kwa kamusi ya asili. Kukata roho si kuchukua kisu. Kukata shauri si kuvunja kikao. Kukata tamaa, kwa msikilizaji wa leo, ni kuishiwa na matumaini, na kwetu ni zaidi ya hali ya moyo, ni aibu, na kwa wenye dini ni karibu na dhambi, kwa sababu ni kama kusema kwamba rehema ya Mungu haikufikii. Kiingereza "give up" hakina lawama hiyo ndani yake. Mtu "gives up" sigara akapongezwa. Hapa ndipo bibi yetu alipoumizwa. Yeye hakuulizwa habari ya kazi, aliulizwa habari ya imani yake, naye akaitetea kama ilivyompasa.

Na si wakalimani wa simu tu. Liko jambo linalotugusa wengi wetu tulioko nje, nalo ni uraia. Ukurasa wa serikali ya Uingereza kwa mtu anayetaka kuacha uraia wake unaanza na maneno haya mepesi, "give up", ndipo ukataja neno la kisheria, "renounce". Sisi tunasema nini? "Kuukana uraia." Kukana! Neno la mtu anayemkana mzazi wake au dini yake. Wakenya tangu Katiba yao ya 2010 wanaweza kushika uraia wa nchi mbili, lakini sheria ya Tanzania ya 1995 kwa jumla haimruhusu mtu mzima kufanya hivyo, kwa hiyo Mtanzania aliyechukua pasi ya huku kwa ajili ya kazi au watoto anajisikia ameambiwa kuwa amekana. Mwingereza katika hali hiyo hiyo amerudisha tu alichokuwa amekishika. Siingii kwenye siasa yake leo. Nasema tu kwamba neno tulilolichagua limebeba hukumu ambayo sheria haikuitaja, na "kuacha uraia" au "kurudisha uraia" lingetosha. Kumbe wakati mwingine Kiingereza cha mitaani kina upole ambao Kiswahili chetu cha maofisini kimeukosa, ingawa Kiswahili chenyewe kinao.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa vijana wanaofasiri, na kwa sisi wazee tunaofasiri bure misikitini, makanisani na hospitalini, ni mfupi. Mkisikia "give up", kabla ya kufungua mdomo jiulizeni maswali mawili: ni kitu gani kinachoachwa, na je, kuna anayeachiwa? Kikiwa ni kazi au tabia, na hakuna anayeachiwa, ni "acha". Akiwapo anayepewa, ni "achia", "pisha", "toa" au "kabidhi". Mwenye kuachwa akiwa ni mtu mwenyewe mbele ya wenye nguvu, ni "jisalimisha". Kikiwa ni jaribio, ni "shindwa". Yakiwa ni matumaini, na yawe yametajwa au yameonekana wazi, hapo ndipo useme "kata tamaa". Maswali hayo hayachukui hata sekunde mbili, na mkalimani asiyejua jibu ana haki ya kumwuliza ofisa afafanue.

Kwa bibi yetu swali lilikuwa maneno matatu: "Uliacha kazi lini?" Angejibu mwezi na mwaka, angeongeza habari za magoti, na simu ingekwisha. Siku tuliyotoka kwenye rufaa nilimweleza kilichotokea, neno kwa neno, tukiwa kituo cha basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa mwanangu, na wao Wazungu mtu akiacha kazi husema amekata tamaa?" Nikamwambia hapana bibi, wao hawasemi hivyo. Ni sisi tuliowasemea.

Naomba kuwasilisha. Mwenye mfano wa kunisahihisha anisahihishe, nami nitampa mji.